Nani Kakosa, Mkono au Bastola?

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachofanya kazi za watu watatu. Aliyelenga akapiga pembeni, amekosa. Aliyemjibu mama yake vibaya, amekosa. Na yule anayejipapasa mifuko kituoni huku daladala likiondoka, naye amekosa: amekosa nauli. Wagiriki wa kale walikuwa na neno la aina hiyo, hamartia. Aristotle alilitumia kwa kosa linalomwangusha mtu mkubwa katika tamthilia, na Agano Jipya likaja kulitumia kwa dhambi, lakini mzizi wake ni kupiga kando ya kile ulichokilenga. Wasomi huandika kurasa nyingi kuonyesha jinsi neno hilo lilivyo la ajabu. Mswahili hana haja ya kurasa hizo. Analala na kuamka nalo.

Swali langu ni dogo zaidi, na linaudhi zaidi. Mtu akilenga, chombo chake kikiwa kizuri, kisha tundu likatokea pasipotakiwa, nani kakosa? Na akisema "si mimi", tutajuaje kama anasema kweli? Nitapita njia ya bastola mpya ya shabaha, kwa sababu sijui chombo kingine kinachomwachia mtu nafasi ndogo hivyo ya kujidanganya, na bado watu wanajidanganya nacho kila Jumamosi.

Najua, msomaji. Ukisikia bastola, uwe Nairobi au Mwanza, huoni mchezo. Unaona askari, au jambazi, au mheshimiwa mwenye kibali anayeichomoa baa. Sikuombi usahau hayo. Nitayafikia mwenyewe huko mbele. Lakini huku Ohio ninakoishi kuna wastaafu, walimu, fundi bomba, mama mmoja muuguzi, ambao wikendi wanasimama kwenye mstari, mkono mmoja mfukoni, mwingine umenyooshwa, wakitoboa karatasi. Ni mchezo wa zamani. Mashindano yao ya kitaifa yalianza kufanyika Camp Perry, kando ya Ziwa Erie, mwaka 1907. Kwenye Olimpiki wanawake wanashindana kwa bastola mita 25 tangu Los Angeles 1984, na bastola yenyewe ni hii ninayoizungumzia: ya risasi ndogo, .22 Long Rifle.

Risasi hiyo imekuwapo tangu 1887. Kipenyo chake ni milimita 5.6, na kile kichwa cha risi kinachoruka kina uzito wa gramu 2.6 hivi. Risasi za kijeshi zina fataki katikati ya kitako. Hii fataki yake imejificha ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya bastola inapiga ukingoni. Ukishaipiga, ganda ni la kutupa. Teke lake ni dogo na bei yake ni ndogo, ndiyo maana watu wanajifunzia nayo. Shabaha ya kimataifa ya mita 25 ina duara la kumi lenye upana wa sentimita 5, tuseme mdomo wa kikombe cha kahawa cha barazani. Simama upande mmoja wa barabara ya njia nne, kikombe kikae ng'ambo ya pili. Ndiyo kazi yenyewe.

Sasa umenunua bastola mpya. Umeilipia fedha nyingi kuliko ulivyomwambia mwenzako nyumbani. Kampuni nyingine zinazotengeneza bastola za hali ya juu huweka ndani ya sanduku karatasi ndogo yenye matundu matano au kumi yaliyokaribiana kama mbegu za papai. Bastola ilifungwa kwenye mtambo kiwandani ikapigwa bila mkono wa mtu, na hayo ndiyo majibu yake. Karatasi ile ni cheti cha tabia njema. Unaitazama, unakwenda uwanjani, unapiga risasi kumi, na matundu yako yametawanyika kama mtama aliomwagiwa kuku. Mengi yako chini kushoto.

Washitakiwa ni watatu: risasi, bastola, mkono. Watu huanza na risasi, na si ujinga. Mitutu inachagua. Bastola mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kupenda risasi tofauti, na hakuna njia ya kujua isipokuwa kununua aina nne au tano, kuegemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga, kupiga kumi za kila aina, na kupima. Risasi inayoshinda kwa kawaida si ile kali. Ni ile ambayo kila moja inafanana na mwenzake: baruti sawa, ukingo wa unene ule ule, kichwa chenye uzito ule ule. Na ukibadilisha aina, mpe mtutu risasi kadhaa kwanza, maana kila kampuni ina nta na mafuta yake, na mabaki ya jana bado yamo ndani.

Halafu bastola. Skrubu za kilengeo zinalegea. Mpini wa mbao haukukaa kwenye kiganja, unahitaji kupunguzwa kwa tupa hapa na kujazwa pale. Vyuma vipya vimebanana, maganda yanakwama, na risasi mia chache za kwanza ni za kuzoeana. Haya yote ni ya kweli, yanakaguliwa kwa nusu saa, na ukishayakagua yamekwisha.

Unabaki na mkono. Na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hesabu yake ina jambo ambalo sijalikuta kwenye vitabu vya maadili.

Bastola ina kijiti mbele, juu ya mtutu, na nyuma ina pengo. Kulenga ni kukiweka kijiti katikati ya pengo, vichwa vikiwa sawa, na mwanga sawa kila upande. Kanuni za kimataifa za bastola hii haziruhusu umbali kati ya kijiti na pengo uzidi milimita 220. Shabaha iko mita 25, yaani zaidi ya mara 110 ya umbali huo. Basi kijiti kikipotoka ndani ya pengo kwa milimita moja tu, tundu linahama zaidi ya sentimita 11. Pete za shabaha zinapishana kwa milimita 25. Hiyo milimita moja imekutoa kwenye kumi ikakutupa kwenye sita, nje ya ule weusi. Lakini bastola nzima ikihama pembeni milimita moja, kijiti na pengo vikiwa bado vimenyookeana, tundu nalo linahama milimita moja. Huwezi hata kuliona.

Yaani kutetemeka kunasamehewa. Kupinda hakusamehewi.

Mtu mpya hajui hivyo. Anaona mkono wake unacheza juu ya karatasi kama mashua bandarini, anaona aibu, anasubiri ule weusi upite mbele ya kijiti, na ukipita anaivuta triga ghafla ili auwahi. Kule kuvuta ghafla ndiko kunakopinda kijiti. Alikuwa na kosa la nusu sentimita ambalo halikumdhuru mtu, akalitibu kwa kosa la sentimita 11. Walimu wanamwambia kitu ambacho mwanzoni kinasikika kama kichaa: usitazame shabaha. Jicho haliwezi kuona pengo, kijiti na karatasi vyote vikiwa wazi kwa wakati mmoja. Chagua kijiti, acha karatasi iwe ukungu, bonyeza triga polepole kama unakamua limau kwenye mchuzi wa mtu mwingine, na acha mkono utetemeke unavyotaka. Wengi hawawezi. Hawavumilii kuonekana wanatetemeka, hata kama anayewaona ni wao wenyewe.

Basi turudi kwenye yale matundu ya chini kushoto. Kilengeo cha nyuma kina skrubu mbili, ya juu-chini na ya kushoto-kulia, na kila kituo cha skrubu kinalia tik. Kanuni ni rahisi: sogeza pengo upande unaotaka risasi iende. Kwa hiyo mwenye bastola mpya anatoa bisibisi, tik tik tik kulia, tik tik juu, anapiga tena. Sasa matundu yako karibu na katikati. Amefurahi. Wiki inayofuata ametulia, amelala vizuri, mkono haushtuki, na risasi zote zinakwenda juu kulia. Anatoa bisibisi.

Nimemtazama mtu mmoja, mstari wa pili kutoka kwangu, akifanya hivyo kwa miezi. Ni mtu mwema, mpole, mhasibu kwa kazi yake. Bastola yake ni nzuri kuliko yangu. Chini kushoto, kwa mtu anayetumia mkono wa kulia, ni alama inayojulikana dunia nzima: kidole kinaivuta triga kwa pupa, kiganja kizima kinajikunja nacho, mtutu unainama. Kila mtu pale anajua. Hakuna aliyemwambia, kwa adabu, mpaka mzee mmoja alipomwomba magazini yake, akampa kisogo, akaijaza, akamrudishia. Ndani yake alichanganya risasi za kweli na risasi za bandia zisizolipuka. Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu ilikuwa ya bandia, na sote tulimwona: bastola haikulia, lakini mtutu ulipiga kichwa chini kama kuku anayedonoa. Hapakuwa na mlipuko wa kuufichia mshtuko. Jamaa akaitazama bastola, kisha akautazama mkono wake kama umeletwa na posta.

Sasa swali la kimaadili, nalo si rahisi kama linavyoonekana. Kwa nini asiguse bisibisi? Skrubu imewekwa pale kwa ajili ya nani kama si kwa ajili ya mtu? Watu wawili wakipiga bastola moja, wote wakiwa mahodari, matundu hayakai mahali pamoja. Macho yanatofautiana, viganja vinatofautiana, hata namna teke linavyopandishwa na mkono. Hakuna "katikati" ya bastola yenyewe ikiwa peke yake. Ipo katikati ya bastola hii kwa mtu huyu. Kiwanda kikiipima kwenye mtambo, kimeipima kwa ajili ya mtambo. Kwa hoja hiyo kila anayerekebisha kilengeo anakirekebisha kifuate upungufu wake. Basi huyu mhasibu kakosa nini? Upungufu wake ni mkubwa kidogo tu.

Jibu la wazee wa uwanjani ni fupi: kwanza kishada, ndipo bisibisi. Matundu yako yakikusanyika pamoja, hata kama ni mahali pabaya, una haki ya kusogeza skrubu, kwa sababu una kitu cha kusogeza. Yakitawanyika, skrubu haina la kukusaidia, unalisogeza wingu. Kosa lenye msimamo linaweza kuhesabiwa. Kosa linalobadilika kila siku haliwezi.

Nililipenda jibu hili kwa muda mrefu, kisha likaanza kunisumbua. Litazame nje ya uwanja. Kuna fundi cherehani, kila familia inaye, anayesema nguo itakuwa tayari Ijumaa na inakuwa tayari Jumanne. Kila mara. Sherehe ikiwa Jumamosi ya tarehe 20 unamwambia ni tarehe 14, na mambo yanakwenda. Umesogeza skrubu. Kuna baba ambaye hasira yake inajulikana saa na mahali, na nyumba nzima imejipanga: jioni chakula kiwe mezani, redio iwe chini, watoto wawe chumbani. Kishada kizuri kabisa! Kosa lake lina msimamo, linahesabika, na kwa kuwa limehesabika hakuna anayeliona tena. Yeye mwenyewe ndiye wa mwisho kuliona, maana kila anachokilenga anakipata. Hajui kwamba kilengeo chake ni watu, na kwamba wamepindwa ili yeye apige katikati.

Kwa hiyo "kosa la kudumu linasameheka" ni kweli kwa skrubu na si kweli kwa watu. Bastola haiumii kusogezwa pengo. Hapo mfano wangu unafika mwisho wake, na ni afadhali kusema umefika kuliko kuusukuma.

Lakini lipo jambo jingine wanalolifanya walenga shabaha, na hilo nadhani linavuka. Wanaliita kutaja risasi. Ukishapiga, kabla hujaweka jicho kwenye darubini kutazama tundu liko wapi, unasema litakuwa wapi. Unasema kwa sauti, au unaandika kwenye daftari. Kwa kawaida wanataja kwa uso wa saa: nane, upande wa saba, yaani pete ya nane, chini kushoto kidogo. (Hapa Mswahili ana taabu yake. Wao wakisema saba, kichwani mwangu ni saa moja, na mshale uko pale pale. Nimezoea.) Baada ya kutaja ndipo unatazama.

Ukitaja nane ya chini kushoto na tundu liko pale, basi umepiga vibaya na umeona vizuri. Jicho lako lilikuwa wazi wakati kijiti kinapinda. Una kitu cha kujenga juu yake. Ukitaja kumi na tundu liko kumi, vizuri, endelea. Ukitaja kumi, ukiwa na uhakika, na tundu liko sita: sasa ndipo unapoweza kuishuku bastola, au risasi, au skrubu iliyolegea. Haki ya kukilaumu chombo inapatikana kwa njia hii tu. Aliyetaja kwa uaminifu mara hamsini, mara ya hamsini na moja akisema "hii si mimi", anaaminiwa, na mtu anakwenda kukagua skrubu. Asiyetaja kamwe anaweza kuwa anasema kweli siku hiyo, lakini hana ushahidi wa kutuletea, hata yeye mwenyewe hana wa kujiletea.

Na mwenye kufumba macho? Wapo wengi sana. Mlipuko unapotokea jicho linafumba kwa nukta moja, na mtu hajui kwamba limefumba. Ukimuuliza risasi imekwenda wapi anasema "sijui, ngoja nitazame". Hiyo "sijui" ni ya kweli. Hakuwapo.

Hapa ndipo ninapotaka kufika na ile bastola ya askari niliyokuahidi. Magazeti yetu yana usemi: risasi iliyopotea. Mtu kauawa na risasi iliyopotea. Usiku wa tarehe 30 Machi 2020, Nairobi, katika siku za mwanzo za kafyu ya korona, mtoto wa miaka 13 alikuwa roshani ya nyumbani kwao Kiamaiko, ghorofa ya tatu, pamoja na nduguze, akitazama polisi walivyokuwa wakitekeleza kafyu barabarani. Risasi ilimpata, akafa. Taarifa ya kwanza ya polisi ilizungumzia risasi iliyopotea. Baadaye askari mmoja alishtakiwa kwa mauaji. Sijadili hapa kesi hiyo. Hiyo ni ya mahakama. Nautazama usemi.

Risasi haipotei. Haina mahali pa kupotelea. Inatoka mtutuni na inafuata mahali mtutu ulipoelekea nukta ile, basi. Ng'ombe anapotea, mtoto anapotea sokoni, kwa sababu wana miguu na nia. Kuipa risasi kitenzi cha mwenye miguu ni kumwondoa mtu kwenye sentensi. Lugha yetu ni hodari wa kazi hii. Bunduki ilifyatuka. Gari liliacha njia. Fedha zilipotea. Kikombe kimevunjika, husema mtoto, wala hasemi uongo, kikombe kimevunjika kweli. Mlenga shabaha anayesema "nane, chini kushoto, ni mimi" anarudisha mtu kwenye sentensi, na anamrudisha kabla ushahidi haujaonekana, wakati bado kukana kunawezekana.

Cicero, katika kitabu chake juu ya mwisho wa mema na mabaya, anaeleza hoja ya Wastoa kwa mfano wa mpiga mshale. Kazi ya mpiga mshale, wanasema, ni kufanya yote yaliyo ndani ya uwezo wake ili alenge sawasawa. Kupata shabaha si jambo lake la mwisho. Ni kitu cha kupendelea tu, maana upepo unaweza kuingilia. Ni mafundisho mazuri kwa mtu aliyeshindwa, na wapenzi wa michezo wanayapenda siku hizi. Mimi nayapokea nusu. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa upande wa nyuma wa upinde. Aliye upande wa mbele hapigwi na nia, anapigwa na mshale. Na .22 hii ninayoisifu kwa upole wa teke lake ndiyo aina ya risasi iliyomuua Robert Kennedy Los Angeles, Juni 1968. Karatasi na mwili, risasi haichagui. Mtu anayetaka kustarehe na mchezo huu, nami ni mmoja wao, itabidi ayachukue yote mawili pamoja. Ndiyo maana somo la kwanza uwanjani si la shabaha kabisa. Ni kidole kikae wapi wakati hupigi, na mtutu uelekee wapi wakati unapiga soga na jirani.

Hata hivyo Wastoa wana jambo moja sahihi ambalo waendao mbio na bisibisi wanalisahau: tundu moja si ushahidi wa chochote. Rio 2016, fainali ya bastola ya mita 50, Jin Jong-oh wa Korea Kusini alipiga 6.6. Kwa mtu wa kiwango chake hiyo ni sawa na mpishi mkuu kuunguza wali. Tayari alikuwa bingwa wa Beijing na wa London katika mchezo huo huo. Alishuka nafasi, akabaki pale pale, akaanza kupanda, akamaliza na 193.7 na dhahabu ya tatu mfululizo. Angeichukulia ile 6.6 kuwa habari mpya kuhusu bastola yake, au kuhusu nafsi yake, asingemaliza hivyo. Ilikuwa 6.6 tu. Mpumbavu anajifunza kwa kila tundu. Ndiyo maana hajifunzi.

Na kuhusu mkono, kama kuna aliyekuwa na ruhusa ya kuulaumu, ni Károly Takács wa Hungary. Mwaka 1938 bomu la mkono lilimlipukia na kuuharibu mkono wa kulia, mkono wa kulengea. Akajifundisha kwa wa kushoto. Alishinda dhahabu ya bastola ya kupiga haraka London 1948 na tena Helsinki 1952. Watu humsimulia kama hadithi ya kutokata tamaa, nami sina ugomvi na hadithi hiyo, ila nahisi inaruka sehemu ngumu. Mkono wa kushoto ulikuwa mgeni. Haukujua lolote, lakini pia haukuwa na tabia mbaya. Wengi wetu tunaomba mkono mpya kwa sababu hiyo hiyo tunayonunulia bastola mpya: tunataka kitu ambacho bado hakijatujua.

Mhasibu wetu, kwa taarifa yako, hakuacha mchezo. Alijaziwa magazini za mchanganyiko kwa wiki kadhaa, na mtutu ukaacha kudonoa, kiasi. Bastola yenyewe aliiuza ili anunue nyingine. Aliyeinunua ni yule mama muuguzi. Nilikuwapo siku alipoijaribu: risasi tano juu ya mfuko wa mchanga, zote juu kulia, zimekaribiana kiasi cha kufunikwa na kizibo cha soda. Hakusema kitu. Alichukua bisibisi akaanza kurudisha skrubu, akihesabu kwa sauti ndogo kila ilipolia, tik, tik, tik, na alipofika kumi na moja yule jamaa, aliyekuwa amesimama nyuma yake na mikono mfukoni, akamwambia bado mbili.